Ombi Lililokuja na Jua

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mama mmoja wa Iringa, mwenye studio ya picha pale mjini, alitaka tovuti ya studio ihamishwe kutoka seva ya zamani kwenda seva mpya. Ile ya zamani aliitengeneza mumewe kwa kujifunza mwenyewe, na mume huyo alikuwa ameshafariki. Tangu afariki hakuna aliyeigusa. Ilifunguka kwa kusuasua, picha nyingine zilikuja nusu, na watu waliotaka kuona picha za harusi zao walimpigia simu kulalamika.

Nilikuwa naishi Uyole, na bado naishi hapo hapo, katika nyumba inayotazama barabara kuu, ambako malori ya viazi hupanga foleni tangu alfajiri. Nimezoea kuandika programu huku honi zikilia. Nilikwenda Iringa mara moja kuonana na yule mama. Basi lilinishusha Ipogolo, kwenye barabara kuu chini ya mji, nikapanda juu mjini, nikamkuta studio kwake, katikati ya maduka ya ndugu na jamaa zake, Wahindi ambao babu zao walifika Iringa kabla ya lami. Alikuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi, amevaa panjabi na juu yake sweta zito la kijivu.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimia kwa Kihehe, halafu akacheka alipoona nimekosa jibu. "Nimesahau, wewe ni wa Mbeya."

Alinikaribisha chai, akanieleza anachotaka. Watu wengi walikuwa na anwani za kurasa za zamani. Wengine walizituma kwa ndugu walio mbali, wengine walizihifadhi kwenye simu. Hakutaka mtu aje kwa mlango wa zamani akute ukuta.

"Na akiuliza kitu ambacho hakipo kabisa?" nilimwuliza.

"Mlete mbele, dukani. Aone picha ya leo. Mtu asiondoke mikono mitupu."

Picha ya leo ilikuwa wazo lake mwenyewe. Kila siku ukurasa wa mbele ungeonyesha picha moja kubwa kutoka kwenye kazi za studio: bwana harusi, mtoto wa ubatizo, wanafunzi wa mahafali, yeyote yule.

Niliporudi Uyole nilianza kuandika. Kwa asiyeijua kazi hii, naweza kuieleza hivi. Mtu anapobonyeza anwani kwenye simu yake, simu inatuma ombi, nalo linasafiri hadi kwenye seva, ile kompyuta inayotunza tovuti. Kabla halijaufikia ukurasa wenyewe, linapita katika vipande vya programu vilivyokaa katikati. Sisi tunaviita middleware. Kimoja kinaangalia kama anayeomba ni mtu au ni roboti, yaani programu inayojizungukia yenyewe mitandaoni. Kingine kinaweka kumbukumbu ya ombi limekuja saa ngapi na linataka nini. Kingine kinasoma anwani na kuamua: hii ni ya zamani, ielekezwe kule, hii ni mpya, ipite. Hicho cha mwisho ndicho kilichokuwa kazi yangu kubwa. Mwenye simu haoni chochote. Anabonyeza anwani ya zamani, na akipepesa macho tayari yuko kwenye ukurasa mpya, wala hajui kwamba ameshikwa mkono njiani.

Nilipokijaribu mara ya kwanza kilinifanyia kituko. Anwani ya zamani ilipeleka ombi kwenye mpya, na ile mpya, kwa sababu ya alama moja ya mkwaju, hii /, niliyoisahau mwishoni, ikalirudisha kwenye ya zamani. Ombi likawa linazunguka baina ya milango miwili hadi simu ikachoka na kukata. Nilirekebisha, nikacheka peke yangu. Nilikuwa naipenda kazi hiyo.

Tulihamia seva mpya mvua zilipokuwa zinaelekea kukatika. Maombi ya anwani za zamani yalikuja kama nilivyotegemea: harusi, mahafali, kipaimara, picha za pasipoti. Yote nilikuwa nimeyapangia pa kwenda. Kisha asubuhi moja nikaona anwani ambayo sikuipangia. Ilisomeka hivi tu: /dirisha/mbalizi.

Mbalizi ni mji wa barabarani, upande wa pili wa Jiji la Mbeya ukitokea kwangu. Niliitafuta anwani hiyo katika kurasa zote nilizohamisha, sikuiona. Hakukuwa na ukurasa hata mmoja wenye kiungo cha kumpeleka mtu huko. Maana yake huyo aliyekuwa akiomba hakuifikia kwa kubonyeza mahali. Aliijua. Kipande changu kilifanya kama mama alivyoagiza, kikampeleka mbele kwenye picha ya leo.

Ombi lilirudi. Lilirudi tena baada ya kitambo, na tena, mchana kutwa, hadi jioni likakoma. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Roboti nawafahamu: huja usiku na mchana, na hubisha kila mlango. Huyu alibisha mlango mmoja tu. Binadamu naye huchoka; akiona mara mbili tatu kwamba anachotaka hakipo, huachana nacho. Huyu hakuachana nacho. Kila alipopelekwa kwingine, alirudi kuomba kile kile, kwa utulivu ule ule, kama mtu anayejua kwamba mwenye nyumba yumo ndani.

Halafu zilikuwapo siku ambazo hakuja kabisa. Nilichukua muda kuelewa kwa nini, na nilielewa kwa sababu ya nguo. Nilikuwa nimefua mashuka nikayaanika uani. Mawingu yakafunga, nikatoka mbio kuanua. Niliporudi mezani nikaona ombi limenyamaza. Baadaye jua likachomoza upya, nikatoka kuanika tena, na niliporudi ombi lilikuwa limerudi. Nilisimama pale na kikapu cha vibanio mkononi, nikatazama dirishani, nikatazama kompyuta.

Tangu hapo nikawa natazama angani kwanza. Siku ya jua ombi lilikuja. Siku ya ukungu halikuja. Kuna siku Uyole ilikuwa imezama kwenye ukungu mzito hata malori yaliwasha taa, nikampigia simu yule mama nikamwuliza hali ya hewa ya Iringa.

"Huku jua kali tangu asubuhi," alisema. "Kwani vipi?"

Nilimwambia nimeuliza tu. Lakini nilipokata simu nilifungua tena kumbukumbu za seva. Ombi halikuwa limekuja siku ile. Basi huyo aliyeomba hakuwa Iringa wala nje ya nchi. Alikuwa chini ya mawingu yangu. Namba ya mtandao haikunisaidia zaidi. Ilionyesha tu kwamba anatumia laini ya simu, na laini za simu kwangu zote huonekana kana kwamba ziko Dar es Salaam.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda, kisha nikaona si haki kumficha mwenye tovuti. Nilimpigia tena, nikamweleza. Nilipotaja ile anwani alinikatiza.

"Umesema Mbalizi?"

"Ndiyo, mama."

"Mume wangu alikuwa anakwenda Mbalizi. Alisema anakwenda kupiga picha. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nasafisha picha zake. Siku nyingine alirudi kamera haina hata moja."

Nilisikia mlango wa studio ukifungwa upande wake.

"Sema unavyoona," aliniambia. "Wewe ni mwanamke."

"Sijui, mama. Kweli sijui."

"Na mimi sijui. Ndiyo maana sikuwahi kumwuliza." Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu wa dukani anayeagiza mzigo. "Mwulize."

"Nimwulize nani?"

"Huyo anayeomba. Si unasema yote yanapita kwako? Basi akija, mwulize ni nani."

Haikuwa vigumu. Nilikiambia kile kipande kwamba ombi la anwani ile lisielekezwe popote. Lijibiwe kwa ukurasa mmoja mweupe wenye maandishi makubwa. Niliandika: Karibu. Wewe ni nani? Tafadhali piga simu studio. Chini yake nikaweka namba ya studio. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu anayesema neno ndani ya chumba chenye giza bila kujua kama kuna mwingine humo.

Kesho yake jua lilitoka. Ombi lilikuja, likajibiwa. Nilikuwa bado nakunywa uji simu yangu ilipolia. Alikuwa yule mama wa Iringa, anazungumza kwa sauti ya chini.

"Amepiga. Ni mwanamke."

"Amesemaje?"

"Hakusalimia. Amesema, 'Mmemtoa mama. Baba amekataa kula. Mrudisheni mama.'"

"Mama gani?"

"Ndivyo nilivyomwuliza na mimi. Akasema, 'Mama yetu, marehemu. Alikuwa hapa ukutani, mkamtoa mkaweka maandishi.'"

Yule mama alisema ameelekezwa nyumba ilipo, na kwamba atakuja mwenyewe kuiona. Aliniomba tufuatane. Nilimwambia sitamwacha aende peke yake.

Asubuhi ya safari nilifuta maandishi yangu nikarudisha utaratibu wa awali, ombi lipelekwe kwenye picha ya leo. Nilimpokea Uyole alipotelemka kwenye basi, amejifunika shali, ameshika kifuko cha kamera kifuani. Tulivuka jiji lote, tukatokea Mbalizi, na pale sokoni tukachukua pikipiki mbili zikatupandisha njia ya milimani, kupita mashamba ya viazi na pareto, hadi kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma iliyokaa peke yake kwenye mteremko. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa juu ya bati: paneli ndogo ya sola imeelekezwa jua, na waya wake unashuka moja kwa moja ndani, bila betri ya kutunzia umeme. Nilimwonyesha mama. Jua likifichika, chochote kilichokuwa kikiomba kilizimika; fumbo langu la jua na mawingu lilikuwa limekwisha pale pale, lakini sikujisikia nafuu niliyoitegemea.

Mwanamke aliyepiga simu alitoka kutupokea. Alikuwa mtu mzima, muuza maharage wa soko la Mbalizi, amejifunga kitenge kiunoni na mikono ina udongo. Hakuwa na hasira tena. Alimtazama yule mama wa Kihindi, akatazama kile kifuko cha kamera.

"Wewe ni mke wake," alisema.

"Ndiyo."

"Pole sana. Sisi hatukuwa na habari kama amefariki. Tuliona tu haji."

Alitukaribisha ndani. Chumba kilikuwa safi, kimepakwa chokaa. Baba yake, mzee mkubwa wa Kisafwa, alikaa kwenye kigoda katikati, ameelekea ukuta. Ukutani palikuwa na kompyuta bapa, zile za kushika mkononi, inayoishi kwa umeme wa paneli tu, imechomekwa ndani ya fremu ya mbao iliyochongwa kama dirisha, na pembeni yake pazia dogo la kitambaa cha maua. Ndani ya dirisha hilo alisimama bibi harusi na wapambe wake, kwenye jua la mchana. Ilikuwa picha ya leo.

"Shikamoo, baba," tulisema.

"Marahaba. Kaeni. Msimzibe."

Tulikaa pembeni. Binti yake ndiye aliyetusimulia, kwa sauti ya kawaida, akimenya viazi. Mama yao hakupenda picha. Akiona kamera aligeuka au akajificha nyuma ya watu. Alipofariki, walitafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, hawakupata hata moja. Baba yao hakulia msibani, lakini baadaye alianza kulalamika kwamba sura ya mkewe inamtoka, kwamba anaamka asubuhi anakuta imepungua. Ndipo yule mpiga picha wa Iringa akaja kanisani kwao kupiga picha za kipaimara. Mzee alimfuata, akamwambia: wewe umepiga picha nyingi soko la Mbalizi miaka yote hii, na mke wangu aliuza pale kila siku. Lazima kuna mahali alipita nyuma ya mtu.

"Watu wengine wangemcheka," alisema binti. "Yeye hakucheka. Alirudi mara nyingi kumwuliza baba alikuwa anavaaje, alikuwa anatembeaje. Kisha siku moja akaleta hili dirisha, linalojifungua upya lenyewe kila baada ya kitambo. Akasema, kila nitakapompata nitamweka humu nikiwa Iringa, na wewe utamwona huku. Na kweli alimpata. Kwenye picha ya fundi baiskeli. Baadaye kwenye picha ya wanakwaya. Mdogo hivi, mbali, lakini ni yeye."

Yule mama wa Iringa alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya shali.

"Jioni alijifungia na picha za zamani na kioo cha kukuzia," alisema. "Kila jioni. Nilidhani ananikwepa."

"Hakukuambia?" binti aliuliza.

"Hakuniambia."

Kwa nini hakumwambia, hakuna aliyeweza kutujibu. Nilimwona akifuta machozi kwa haraka, kama mtu anayetoa vumbi, na nikamwona usoni kitu kama aibu ya kushukuru. Alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamke, na mwanamke aliyemkuta ni huyo wa ukutani.

Nilimwuliza binti ilikuwaje picha zilipobadilika, tulipohamia seva mpya.

"Asubuhi tumewasha, tunakuta watu tusiowajua. Nilitaka kuizima. Baba akasema acha. Alikaa akatazama siku nzima. Kesho yake mtu mwingine, akatazama. Nilidhani uzee umemfika. Halafu akaniita."

Mzee aligeuka. Alinyanyuka kwenye kigoda, akamshika yule mama mkono, akamsogeza hadi dirishani.

"Njoo uone," alisema. "Huyo hapo."

Nami nilisogea. Bibi harusi alikuwa amesimama kando ya barabara kuu, ameshika maua. Nyuma yake kulikuwa na lami, na ng'ambo ya lami kuta za maduka. Kati ya duka na duka, kivulini, alisimama mwanamke wa makamo. Alikuwa peke yake. Watu wengine wote waliokuwa nyuma katika picha ile walikuwa na shughuli zao, huyu anavuka, huyu anapanga nyanya. Yeye hakuwa na shughuli. Alisimama ameweka mkono wa kushoto nyuma, ameshika kiwiko cha kulia, anatazama kamera.

"Picha nyingine nilisema ni macho ya baba tu," binti alisema nyuma yetu, kisu kikiwa kimetulia mkononi. "Anaonyesha kanga ya mtu, anasema ni mama, mimi sioni. Lakini hii nimeiona mwenyewe leo asubuhi. Mama alisimama hivyo. Alivunjika mkono akiwa msichana, ulikuwa unamchoka, akawa anaushikilia hivyo."

Yule mama wa Iringa aliinama karibu sana na kioo. Nilisikia anavuta pumzi.

"Hii nilipiga mimi," alisema. "Ni Ipogolo. Mume wangu alikuwa ameshakufa."

"Na mama alitangulia kabla ya mumeo," binti alijibu.

Nje kuku alilia, akanyamaza. Mimi nilikuwa najua kila mstari wa ile programu, maana niliuandika kwa vidole vyangu. Picha ya leo huokotwa bila mpango, kama mtu anavyotia mkono kwenye gunia la maharage bila kuangalia. Hakuna mstari humo unaomjua mke wa mtu. Nilijiambia hivyo. Nilijiambia pia kwamba Ipogolo ni njia kuu, wanawake wengi wamesimama pale, na yeyote anaweza kushika kiwiko. Yote yalikuwa kweli, na bado sikutaka kugeuza mgongo kwenye ule ukuta.

"Zamani alikuwa mbali," mzee alisema, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Kule kwenye kwaya ni kadogo, kama punje. Na alikuwa hatazami. Sasa anasogea. Huyu wa leo anatazama."

"Baba, zile picha za kwanza zipo kwenye seva ya zamani. Nikizitafuta nitazipata. Naweza kumrudisha pale alipokuwa, asiondoke tena."

Alinigeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini hayakuwa ya mtu aliyepotea.

"Zile ninazo," alisema, akagusa kichwa. "Ukimrudisha kule atakuwa mbali tena, aanze njia upya. Mwache aje."

Kabla hatujaondoka yule mama aliomba kumpiga mzee picha. Alikubali, akatoka nje, akasimama mbele ya ukuta wa nyumba yake na koti lake la kanisani. Mama alipiga mara moja tu. Alipotazama nyuma ya kamera hakunionyesha, wala sikumwomba.

Tulirudi Uyole jua likiwa bado juu. Basi lake la Iringa lilikuwa halijafika, tukakaa kwangu tukinywa chai, malori yakinguruma nje. Aliniuliza nitaandikaje ile amri ya Mbalizi. Nilimweleza kwamba kuna namna mbili za kumwelekeza anayeomba. Unaweza kumwambia mahali hapa pamehama moja kwa moja, naye atashika anwani mpya, hatarudi kuuliza tena. Au unamwambia pamehama kwa muda tu, na yeye ataendelea kuuliza pale pale kila siku.

"Andika kwa muda," alisema. "Na hiyo picha ya leo usiibadilishe inavyochaguliwa. Hata kidogo."

Niliandika hivyo.

Kiangazi chote ombi lilikuja na jua. Sikuliogopa tena kama mwanzo, lakini liliniachia tabia ambayo sikuwa nayo. Kila asubuhi nilifungua picha ya leo, nikawapita maharusi na wahitimu, nikaenda nyuma kwa wale wasiojua kwamba wamepigwa. Sikuwahi kufikiri wako wengi namna hiyo. Mtu anafunga kiatu. Mtu ameinama mlangoni, uso umekatwa na fremu. Siku moja, nyuma ya watoto wa mahafali, karibu kabisa na bega la mtoto wa mwisho, niliona kiwiko, na vidole vimekishika. Mwenyewe hakuonekana, alikuwa amezibwa na mtoto. Nilifunga kompyuta, nikatoka nje nikasimama barabarani kati ya wapakia viazi mpaka nikasikia joto limenirudia.

Kisha ikaja siku ya jua kali na ombi halikuja. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali zaidi, na bado kimya. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Nilimpigia binti wa Mbalizi huku nimeandaa maneno ya pole.

"Baba? Baba ni mzima," alisema. "Yuko shambani."

"Dirisha limeharibika?"

"Amelizima mwenyewe. Amefunga na pazia. Nilimwuliza kwa nini, akasema amefika."

"Amefika nani?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza tena." Nilisikia kelele za soko nyuma yake, mtu anauliza bei ya maharage, naye akamjibu, kisha akarudi kwenye simu. "Asubuhi anaongea. Chini chini, siyo kama mtu anayeomba Mungu. Kama mtu anayeongea na mtu aliye karibu. Nikiingia ananyamaza, halafu ananitazama kama nimewakatiza."

"Huogopi?"

"Mwanzoni niliogopa. Sasa hapana. Anakula vizuri, amenenepa."

Nilimwarifu mama wa Iringa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimefuta ile amri. Nilimwambia bado. Akasema niiache ilivyo, kwani haili chakula.

Wiki chache baadaye alinipigia kuomba kazi nyingine, akiongea kwa haya kidogo. Alisema mumewe alipiga picha miaka yake yote, na kwa sababu hiyo mume mwenyewe ni nadra kuonekana katika picha. Lakini mpiga picha huacha alama. Kwenye miwani ya mteja, kwenye kioo cha kabati, kwenye vioo vya magari ya harusi. Yeye ameanza kutafuta jioni, kwa kile kile kioo cha kukuzia. Alitaka nimtengenezee anwani ya peke yake, isiyo na kiungo popote, aweke humo anavyopata.

Nilimtengenezea. Ya kwanza aliyoiweka ilikuwa picha ya zamani ya bibi harusi kwenye ngazi za kanisa, saa ya jua la jioni. Kwenye pindo la gauni jeupe kilikuwa kimelala kivuli cha mtu ameinua mikono usoni, amevaa kofia pana.

"Alikuwa mnene kuliko hivi," aliniandikia. "Lakini kofia ni yake."